Mfumo Hujengwa kwa Maswali: Somo Kuhusu Mifumo Bingwa na Mahitaji ya Mwananchi



Huduma nyingi ambazo zamani zilihitaji daftari, muhuri na foleni, leo hupita ndani ya mfumo wa kompyuta. Mfanyabiashara anayeomba leseni hukutana na mfumo wa TAUSI. Mgonjwa anapofika katika kituo cha afya kinachotumia GoTHoMIS, taarifa zake huingizwa humo tangu mapokezi hadi dirisha la dawa. Anayelipa ushuru au ada ya Serikali hupewa namba ya kumbukumbu ya malipo inayozalishwa kupitia mfumo wa GePG. Hata mipango na bajeti za halmashauri nchini huandaliwa ndani ya PlanRep, mfumo ambao tangu mwaka 2017 umekuwa ukitumika kupitia intaneti.

Wengi wetu hukutana na mifumo hii ikiwa imekwisha kujengwa. Tunaikuta kama tunavyolikuta daraja: tunapita juu yake na kuusifu ubora wake au kuulalamikia ubovu wake, lakini hatukuwapo nguzo zilipopimwa. Somo la toleo hili linahusu kipimo hicho cha nguzo, yaani hatua ya kukusanya na kuchambua mahitaji kabla programu haijaandikwa. Litaeleza pia aina ya programu iitwayo mfumo bingwa, ambayo kazi yake mojawapo ni kuwasaidia wataalamu kuuliza maswali ambayo binadamu huyasahau.

Baada ya kulisoma somo hili, tunatarajia mwananchi aweze kufanya mambo matatu: kueleza mahitaji ya mfumo ni nini, kufahamu namna mfumo bingwa unavyofanya kazi na mipaka yake, na kushiriki kwa ufasaha pale atakapoulizwa maoni kuhusu huduma inayotarajiwa kuwekwa kwenye mtandao.

1. Kwa nini somo hili linamhusu mkazi wa kata

Nianze na jambo nililolishuhudia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaajiriwa, nilimsindikiza bibi yangu katika ofisi moja iliyokuwa ikisajili wazee kwa ajili ya huduma fulani. Karani alikuwa mwungwana na kompyuta ilikuwa inafanya kazi. Tatizo lilikuwa kisanduku kimoja kwenye fomu: namba ya simu. Bila kukijaza, fomu haikubali kuendelea mbele. Bibi hakuwa na simu. Karani, kwa nia njema, akaandika namba ya mjomba wangu aliyekuwa dereva wa lori mjini Dar es Salaam. Ujumbe wa kuthibitisha usajili ukaenda kwa mjomba. Yeye akadhani ni wale matapeli wa kutuma ujumbe wa fedha, akaufuta.

Bibi alirudi katika ofisi ile mara tatu, na kila mara alitembea kwa miguu kwenda na kurudi. Mara ya tatu aliambiwa kwamba jina lake limeondolewa kwa sababu hakuthibitisha kwa wakati. Njiani alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja: "Kwani waliniuliza kama nina simu?"

Swali lile ndilo kiini cha taaluma nzima tunayoizungumzia leo. Programu haikuharibika. Ilifanya kile kile ilichoagizwa kufanya. Kilichokosekana ni sentensi moja katika orodha ya mahitaji: "Mfumo umhudumie pia mtu asiye na simu." Kwa kuwa sentensi hiyo haikuandikwa, bibi hakuwapo ndani ya mfumo hata kabla hajafika mlangoni.

2. Mahitaji ya mfumo ni nini

Mahitaji ni maelezo yaliyoandikwa kuhusu kile ambacho mfumo unapaswa kufanya, kwa ajili ya nani, na katika hali gani. Yanafanana na mazungumzo kati ya mwenye nyumba na fundi mwashi kabla msingi haujachimbwa. Mwenye nyumba akisema tu, "Nijengee nyumba nzuri," fundi atajenga nyumba iliyo nzuri machoni pake mwenyewe. Akisema, "Nataka vyumba vitatu, mlango wa nyuma uelekee kisimani, na paa lihimili upepo unaoshuka mlimani," hapo wamekubaliana jambo linaloweza kupimwa.

Wataalamu huyagawa mahitaji katika makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni mahitaji ya utendaji: mfumo ufanye nini? Kwa mfano, upokee malipo, utoe stakabadhi, utume ujumbe. Kundi la pili ni mahitaji ya ubora: mfumo ufanye kazi hiyo kwa namna gani? Kwa mfano, ujibu ndani ya sekunde ngapi, ufanye kazi pale mtandao unapokuwa hafifu, ulinde siri za mtumiaji, uelekeze kwa Kiswahili. Mara nyingi kundi hili la pili ndilo linalosahauliwa, na ndilo mwananchi huhisi maumivu yake.

Makosa katika hatua hii hutokea hata katika mataifa yenye uwezo mkubwa. Tarehe 26 Oktoba 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya London, Uingereza, ilianza kutumia mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga safari za magari hayo. Mfumo ulitegemea kupata taarifa sahihi, wakati wote, kuhusu mahali lilipo kila gari na hali yake. Katika kazi halisi, wafanyakazi wa magari wakati mwingine walichukua gari tofauti na lililopangwa, au walibonyeza vitufe kwa mpangilio tofauti, na mawasiliano ya redio yalikuwa na sehemu yasikofika. Taarifa zikapotoka, simu zikalundikana, magari mawili yakatumwa mahali pamoja huku mgonjwa mwingine akisubiri. Siku chache baadaye, tarehe 4 Novemba, mfumo ulikwama kabisa na watumishi wakarudi kwenye karatasi. Uchunguzi uliofuata ulibainisha, miongoni mwa mengine, kwamba watu waliotarajiwa kuutumia hawakushirikishwa vya kutosha katika kuuandaa. Swali la bibi yangu, kumbe, liliwahi kuulizwa London.

3. Mfumo bingwa ni nini

Tunapougua ugonjwa usioeleweka, tunapewa rufaa kwenda kwa daktari bingwa. Ubingwa wake una sehemu mbili: maarifa mengi aliyoyakusanya, na uwezo wa kuyatumia maarifa hayo kwa mgonjwa aliye mbele yake. Mfumo bingwa ni programu ya kompyuta iliyojengwa kwa kuiga sehemu hizo mbili.

Sehemu ya kwanza ni hazina ya maarifa. Wataalamu wa fani huhojiwa, na wanachokijua huandikwa kwa kanuni za "kama... basi". Kwa mfano: kama mwombaji ana umri wa chini ya miaka 18, basi ombi lisainiwe na mlezi. Sehemu ya pili ni mtambo wa uamuzi, yaani ile sehemu ya programu inayochukua majibu ya mtumiaji, kuyalinganisha na kanuni, na kutoa hitimisho au kuuliza swali linalofuata.

Mfano unaotajwa sana katika historia ya fani hii ni MYCIN, uliotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani katika miaka ya 1970. Ulikuwa na mamia ya kanuni kuhusu maambukizi ya bakteria kwenye damu, ukimuuliza daktari maswali na kupendekeza dawa. Sifa yake moja inastahili kukumbukwa: daktari aliweza kuuliza, "Kwa nini unaniuliza swali hili?" na mfumo ukamwonyesha kanuni inayousukuma. Haukuamrisha bila kutoa sababu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na somo letu. Mwaka 1978, John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alianza kutengeneza mfumo ulioitwa R1, ambao baadaye ulijulikana kama XCON. Kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment ilianza kuutumia mwaka 1980. Wakati huo mteja alipoagiza kompyuta kubwa, oda yake ilikuwa na vipande vingi, na mara nyingi nyaya fulani au kifaa fulani vilisahauliwa. XCON uliipitia oda, ukatambua kilichopungua na kisichoendana, ukaikamilisha. Kwa maneno mengine, ulikuwa ukichukua hitaji lenye mapengo na kuyaziba mapengo hayo.

4. Mfumo bingwa unavyosaidia kuchambua mahitaji ya programu

Watafiti walijiuliza: ikiwa kompyuta inaweza kukagua oda ya mashine, je, haiwezi kukagua maelezo ya programu ambayo bado haijaandikwa? Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, maarufu kama MIT, Howard Reubenstein na Richard Waters walitengeneza msaidizi wa mahitaji na kuchapisha kazi yao mwaka 1991. Mchambuzi aliueleza mfumo huo mahitaji ya mfumo wa maktaba kwa maneno yaliyokuwa bado hayajatulia, nao ukayalinganisha na hazina yake ya mambo ya kawaida: mahali panapohifadhi vitu, vitu vinavyotoka na kurudi, orodha inayofuatilia. Palipokuwa na pengo au mgongano, mfumo ulimjulisha mchambuzi ili aparekebishe.

Katika miaka ya 1990, wataalamu wa shirika la anga za juu la Marekani, NASA, nao walitengeneza chombo cha kupima ubora wa nyaraka za mahitaji. Chombo hicho kilisoma sentensi na kuweka alama penye maneno dhaifu, yale yanayosikika vizuri lakini hayapimiki. Maneno hayo tunayo pia katika Kiswahili cha ofisini, na tunayatumia kila siku: "haraka", "ipasavyo", "inapobidi", "kwa kadiri iwezekanavyo", "na kadhalika". Sentensi isemayo, "Malalamiko yashughulikiwe haraka," haimfungi mtu yeyote. Ikisema, "Mlalamikaji apate jibu la kwanza ndani ya saa 48," kila mmoja anajua ahadi imetimizwa au imevunjwa.

Kwa muhtasari, mfumo bingwa wa aina hii hufanya kazi nne:

(a) Huuliza maswali kwa mpangilio, ili kundi lolote la watumiaji lisisahauliwe.

(b) Hutambua mapengo, yaani mambo ambayo hayajasemwa lakini lazima yaamuliwe.

(c) Hutambua migongano, pale hitaji moja linapolipinga jingine.

(d) Hutambua utata, pale neno moja linapoweza kueleweka kwa maana mbili.

5. Tujifunze kwa mfano

Ili somo lisibaki angani, tuchukulie mfano wa kufikirika. Tuseme kata inahitaji mfumo wa kupokea taarifa za taka ambazo hazijazolewa. Mtumishi ameketi mbele ya mfumo bingwa, naye ameandika sentensi moja tu: "Mwananchi atume taarifa ya taka, nasi tuishughulikie haraka." Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

Mfumo: Mwananchi atatuma taarifa kwa kutumia nini?
Mtumishi: Simu janja, aambatanishe na picha.
Mfumo: Mwananchi mwenye simu ya kitochi atatumia njia gani?
Mtumishi: Menyu ya nyota na reli.
Mfumo: Umesema kila taarifa iambatane na picha. Menyu hiyo haibebi picha. Lipi libaki?
Mtumishi: Picha iwe hiari.
Mfumo: Mwananchi asiye na simu kabisa?
Mtumishi: Kwa nini unauliza?
Mfumo: Kwa sababu kanuni inasema: kama huduma ni ya wakazi wote, basi kuwe na angalau njia moja isiyohitaji kifaa cha mtumiaji.
Mtumishi: Basi afike kwa Mtendaji wa Mtaa, naye amwandikie taarifa.
Mfumo: Mahali penye taka patatambulishwaje?
Mtumishi: Kwa anwani ya makazi.
Mfumo: Na kama taka ziko mahali pasipo na nyumba, kwa mfano kando ya reli au ukingoni mwa mto?

Hapo mtumishi anasita na kukuna kichwa. Kusita huko kuna faida kubwa. Ni afadhali mtumishi akwame leo akiwa na kalamu mkononi, kuliko mwananchi akwame mwakani akiwa na kero mlangoni.

Tuendelee hatua moja mbele. Mtumishi anaandika hitaji jipya: "Jina na namba ya simu ya mtoa taarifa vionekane kwa mzabuni wa taka ili amtafute." Awali, katika ukurasa mwingine, ameandika: "Mtoa taarifa alindwe." Mfumo unaziweka sentensi hizo mbili sambamba na kuuliza ipi inashinda. Jambo hili si dogo. Anayetupa taka mferejini anaweza kuwa jirani, shemeji au mwenye nyumba wa mtoa taarifa. Jina likivuja, ugomvi utaingia mtaani na watu wataacha kutoa taarifa. Uamuzi sahihi hapa unaweza kuwa kwamba mzabuni aone mahali tu, na jina libaki kwa mtumishi mmoja aliyeidhinishwa. Lakini uamuzi huo ni wa binadamu. Mfumo umeuonyesha mgongano. Haukuwa na mamlaka ya kuumaliza.

6. Mipaka ya mfumo bingwa

Mfumo bingwa hujua kile tu kilichowekwa katika hazina yake. Hazina ikikusanywa mbali nasi, itauliza maswali ya mbali nasi.

Tuchukue suala la ardhi. Waluguru, wenyeji wa milima hii ya Uluguru, hufuata ukoo wa upande wa mama, na kwa mila yao ardhi ya ukoo huhusishwa na mlango wa mama. Mfumo uliotungwa na mtu asiyelijua hilo unaweza kuweka visanduku viwili tu: "jina la mmiliki" na "jina la baba". Mkulima wa mlimani atavijaza, kwa kuwa fomu inamlazimisha, lakini atakuwa amejibu swali ambalo si la kwake. Kompyuta itaonyesha alama ya kijani kuwa fomu imekamilika, ilhali mjomba na dada zake wenye haki katika shamba lile hawakuonekana popote. Hakuna kanuni ya "kama... basi" itakayoligundua pengo hilo, mpaka mtu wa mahali hapa aseme.

Mpaka wa pili ni lugha. Mwananchi akisema, "Maji yanakuja siku moja moja," au "Zahanati iko mbali kidogo," mchambuzi mwenyeji huelewa uzito wa maneno hayo kwa sauti na uso wa msemaji. "Mbali kidogo" ya mama mjamzito haifanani na "mbali kidogo" ya kijana wa bodaboda. Mashine huona maneno yale yale.

Mpaka wa tatu umekuja na teknolojia ya miaka ya karibuni. Sasa ipo mitambo ya akili unde inayoweza kusoma kumbukumbu za mikutano na kuandika orodha ya mahitaji kwa dakika chache, hata kwa Kiswahili. Mitambo hii inatofautiana na mifumo bingwa ya zamani. Mfumo bingwa hufuata kanuni zilizoandikwa, na unaweza kuonyesha kanuni iliyoufikisha kwenye jibu. Mtambo wa lugha hutunga maneno kwa kufuata mwenendo wa maandishi mengi uliyojifunza, na unaweza kuandika kwa kujiamini jambo ambalo hakuna aliyelisema mkutanoni. Kwa hiyo orodha iliyoandaliwa kwa msaada wake lazima irudishwe kwa waliosema, wasomewe, nao wathibitishe.

7. Sheria na taasisi zinazosimamia

Hapa nchini, mifumo ya taasisi za umma husimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, ikichukua nafasi ya Wakala ya Serikali Mtandao. Mamlaka hiyo hutoa viwango na miongozo inayopaswa kufuatwa na taasisi za umma katika kujenga na kuendesha mifumo, pamoja na kuhakikisha mifumo inasomana badala ya kila ofisi kujenga wa kwake.

Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na utekelezaji wake husimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa mantiki ya sheria hiyo, taarifa za mtu zinakusanywa kwa kusudi halali na linaloeleweka, na hazipaswi kuzidi zinazohitajika kwa kusudi hilo. Kwa mwananchi, hii ina maana kwamba anayo haki ya kuuliza, mbele ya fomu yoyote: "Taarifa hii mnaitaka ya nini?" Swali hilo si utovu wa nidhamu. Hata mfumo bingwa, kama tulivyoona, huulizwa swali hilo na kulijibu.

Kwa maoni, malalamiko na pongezi kuhusu taasisi za umma, upo pia mfumo wa e-Mrejesho, unaopatikana kupitia intaneti na kwa simu ya kawaida kwa menyu ya Serikali ya *152*00#.

8. Namna ya kutoa hitaji lenye nguvu

Wananchi wengi huhudhuria mikutano ya mtaa na kusema mambo ya maana, lakini maneno yao hupotea kwa sababu yamesemwa kwa namna isiyoweza kuandikwa kama hitaji. Tunashauri kila mmoja ajizoeze kujibu maswali matano anapoeleza jambo:

Nani anaathirika? Taja kundi: wazee, wanafunzi, wauza mbogamboga, wenye ulemavu wa macho.

Anajaribu kufanya nini? Kulipia, kusajili, kuulizia, kupinga.

Anakwamia wapi? Taja hatua, si hisia pekee.

Lini na mara ngapi? Kila siku, wakati wa masika, mwisho wa mwezi.

Tutajuaje kwamba tatizo limekwisha? Taja kipimo.

Linganisha kauli hizi mbili. Ya kwanza: "Huduma ya kulipia kibanda ni mbovu." Ya pili: "Sisi wauza mbogamboga tunaofika sokoni kabla ya jua kuchomoza tunapotaka kulipia, mtandao huwa chini na ofisi haijafunguliwa, tunaomba malipo yapokelewe hata mtandao usipokuwapo, na stakabadhi itoke siku hiyo hiyo." Kauli ya kwanza ni ya kweli, nayo inastahili kusikilizwa. Kauli ya pili inaweza kukabidhiwa kwa mtaalamu wa TEHAMA leo jioni, naye kesho akaanza kazi.

Aidha, tunawaomba wakazi wamsemee asiyekuwapo. Katika mkutano wowote wapo wasiofika: anayeuguza, aliye shambani, asiyesikia vizuri, anayeogopa kusimama mbele za watu. Ukimjua mmoja wao, beba swali lake. Mashine inaweza kukumbusha kwamba kuna kundi lililosahauliwa. Jirani ndiye anayejua jina la mtu aliye katika kundi hilo na njia ya kufika kwake.

Nasi watumishi tunao wajibu wetu. Mtaalamu anapokuja mtaani kukusanya mahitaji, aje na muda wa kutosha, atumie lugha inayoeleweka, aandike yaliyosemwa na si aliyotarajia kuyasikia, na arudi kuwasomea wananchi alichoandika kabla hakijawa programu. Kuibadilisha sentensi kwenye karatasi ni kazi ya kalamu. Kubadilisha mfumo uliokwisha kusambazwa ni kazi ya miezi na fedha za umma.

9. Maswali ya kujipima

(i) Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya hitaji la utendaji na hitaji la ubora. Toa mfano mmoja wa kila aina kutokana na huduma unayoitumia.

(ii) Katika sentensi hii, taja maneno yasiyopimika, kisha uiandike upya: "Mfumo uwe rahisi na utoe majibu kwa wakati inapobidi."

(iii) Tafuta mgongano uliomo katika mahitaji haya mawili: "Kila mkazi ajisajili kwa kutumia barua pepe" na "Huduma iwafikie wakazi wote bila kujali elimu."

(iv) Fikiria fomu ya mwisho uliyoijaza. Je, kulikuwa na kisanduku ambacho hakikukuhusu, au jambo muhimu ambalo halikuwa na kisanduku?

(v) Kama bibi niliyemtaja mwanzoni angeulizwa kabla mfumo ule haujajengwa, ungemshauri asemeje ili hitaji lake liandikwe?

Majibu ya maswali haya hayahitaji kutumwa ofisini. Yajadilini nyumbani, kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, na vijiweni. Hata hivyo, jibu la swali la nne linaweza kuisaidia Halmashauri moja kwa moja. Mwenye nalo alifikishe kwa Mtendaji wa Mtaa au Mtendaji wa Kata, kwa maandishi au kwa mdomo. Asiyeweza kuandika ataandikiwa, kisha asomewe kilichoandikwa kabla hajaondoka.

Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini.